Magari Yasiyoonekana ya Sumbawanga

Mradi wa barabara ulipofungwa na wataalamu wake kurudi walikotoka, walituachia nusu ya barabara, kibao kikubwa cha kuisifu ile nusu nyingine, na stoo iliyojaa makorokoro. Kibao hakikumaliza wiki; kiligeuka mlango wa banda la kuku la mtu fulani wa Mollo. Makorokoro yakapigwa mnada. Ndipo Polikarp wa Mazwi, aliyekwenda pale kutafuta mtu wa kumnunulia chai, alipoiona riziki yake imewekwa chini kati ya koleo zisizo na mipini na tairi lililokwisha.

Riziki yenyewe ilikuwa darubini ya kupimia barabara, ile inayokaa juu ya miguu mitatu. Hakuna aliyeitaka. Kando yake palikuwa na boksi la sidii kuukuu za kompyuta, nazo hakuna aliyezitaka, maana kompyuta za mji mzima mwaka ule zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilishinda zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Polikarp akavichukua vyote kwa bei ya kilo ya nyama. Akaongezewa na koti la rangi ya machungwa lenye mistari inayong'aa, kwa sababu baridi ya Juni ilikuwa imemwingia mnadishaji na alitaka kwenda nyumbani.

Polikarp hakuwahi kuajiriwa, na hakuwahi kukaa bure. Ilipotangazwa kwamba biashara sasa ni huria, kila mtu auze alicho nacho, yeye alijipekua mifuko, akakuta hana kitu ila ulimi, akaanza kuuza huo. Aliuza mbolea ya Kijapani, ambayo ilikuwa majivu kutoka jikoni kwa mama yake mdogo. Aliuza nafasi za kusomea udereva wa treni, katika mji ambao haujawahi kusikia honi ya treni, na watu wazima wenye familia wakajiandikisha. Lakini ulaji wote huo ulikuwa wa siku moja. Unaingia jioni, asubuhi umekwisha. Sasa alikuwa amevuka miaka arobaini, anakaa chumba cha kupanga ambacho mvua ikinyesha nje na ndani inanyesha, na kila mtaa wa mji ulikuwa na mtu wa kumkwepa. Safari hii hakutaka kula tu. Alitaka apige moja kubwa, ahame, akajenge nyumba ya bati Kasanga kule ziwani, mahali ambapo hakuna anayemjua hata kwa sura.

Na wiki hiyohiyo redio ilikuwa imesema kwamba nchi za wenzetu zina kamera za barabarani zinazokamata mwendo kasi zenyewe, bila askari, na si ajabu zikaja hata kwetu. Wenye magari wa Sumbawanga waliipokea habari hiyo kama msiba. Uwaelewe watu hawa. Gari linalofika kwanza mnadani, kwenye yale masoko ya vijijini, hupata abiria na mizigo. Linalofika la pili hupata vumbi la lile la kwanza. Kwa hiyo walikuwa wamewafundisha madereva wao kupita vijijini kama wanaokimbiza mwizi, na kuku, mbuzi na bibi vizee walishajua kujitafutia usalama wao. Wazo la kupunguza mwendo halikumpitia kichwani hata mmoja wao. Walichokitafuta ni namna ya kuendelea vilevile bila kukamatwa, na mtu anayetafuta kitu kama hicho huwa hakosi wa kumuuzia.

Asubuhi ya Jumatatu, Polikarp akatokea Kasense kando ya barabara. Amevaa lile koti, ameisimamisha darubini kwenye miguu yake, na hasemi na mtu. Gari likija, anainama, anachungulia, anainuka, anatikisa kichwa taratibu kama daktari anayetoka wodini kuwafuata ndugu. Basi. Hakusimamisha gari, hakuomba kitu, hakujiita askari. Askari mwenyewe wa usalama barabarani alipita akamuuliza anafanya nini. Polikarp akajibu kwamba anapima mteremko wa maji ya mvua, akamwomba amshikie kamba upande wa pili. Askari akashika, akashukuriwa, akaenda zake. Ilipofika saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba kamera imefika Kasense.

Jioni, Mzee Valerian alimfuata kilabuni. Huyu ndiye aliyekuwa tajiri wa magari pale mjini: lori moja la Fuso, pikapu mbili, na tumbo lililotangulia vyote hivyo. Dizeli aliwapimia madereva wake kwa chupa.

"Shikamoo, mzee," alisema Polikarp, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Marahaba. Ebu niambie, ile mashine yako ya Kasense inafanya kazi gani?"

"Mashine gani, mzee?"

"Ile ya miguu mitatu."

"Aa, ile." Polikarp akatazama huku na huku, akanywa pombe yake ya ulezi, akafuta mdomo. "Ile siruhusiwi kuisema."

Sentensi hiyo ndiyo aliyoiuza. Mengine yote yaliyofuata yalikuwa nyongeza ya muuzaji mwenye moyo mzuri. Valerian alimnunulia kibuyu cha kwanza, akamnunulia cha pili, akamkumbusha kwamba baba zao walipata kipaimara siku moja, na kufikia kibuyu cha tatu Polikarp alikubali, kwa uzito mkubwa na kwa ajili ya marehemu wazee wao tu, kumwonyesha mzee kile ambacho kamera inakiona.

Kesho yake wakasimama Kasense. Pikapu ya Valerian ikaja kutoka mjini, ikiendeshwa na mpwa wake Isdori. Valerian akainama kwenye darubini, tumbo likamzuia, akainama kwa ubavu.

"Mama yangu!" alipiga kelele. "Gari imepinduka!"

Sasa, darubini za kizamani za wapima barabara huonyesha kila kitu kichwa chini miguu juu. Ndivyo zilivyotengenezwa, na wapimaji wameshazoea. Polikarp mwenyewe alipoliona jambo hilo mara ya kwanza alidhani ameuziwa kitu kibovu, akakaa usiku kucha akisikitika, mpaka alipotambua kwamba amepewa zawadi.

"Haijapinduka, mzee. Itazame kwa macho yako. Si ile inakuja?"

Valerian akainuka, akaona gari lake liko salama juu ya matairi yake. Akainama tena. Matairi juu.

"Hiyo ndiyo teknolojia yenyewe," alisema Polikarp kwa sauti ya kanisani. "Kamera haipigi picha ya gari lilipo. Inapiga picha ya mwendo huo unakolipeleka. Picha kama hiyo ikifika kunakohusika, utasema nini?"

Valerian alikuwa anatokwa na jasho, na Sumbawanga mwezi wa Juni si mahali pa kutokwa na jasho.

"Kuna kinga?"

"Mzee, usinitie majaribuni."

"Polikarp mwanangu."

Basi Polikarp akatoa sidii moja kifuani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akaenda kuining'iniza kwenye kioo cha ndani cha pikapu, kando ya rozari. Akamweleza mzee kwamba kamera inaona kwa mwanga, na sidii inaurudisha mwanga ulikotoka, kwa hiyo kamera inabaki ikijitazama yenyewe. Isdori akaambiwa arudi nyuma, aje tena kwa kasi. Wakati Valerian anainama, kidole cha Polikarp kilikuwa kimeshazungusha skrubu ndogo pembeni mwa darubini, na kilichobaki mle ndani ni ukungu mtupu.

"Haipo!" alisema Valerian. "Naisikia tu! Haipo!"

Machozi yalimlenga. Mtu huyu alikuwa amewazika jamaa wawili waliokufa ajalini katika barabara hiyohiyo, na sikumbuki kwamba alilia.

Likaja suala la malipo, na hapo Polikarp alionyesha heshima yake yote. "Pesa sipokei, mzee. Pesa ni rushwa, na mimi ni mtu wa mradi. Ila mtu akinipa maharage kwa moyo wake, nitamkataliaje, na ndio kwanza watu wametoka kuvuna?" Valerian akampa maharage kwa moyo wake, kwa magunia, na akawaambia wenzake, kwa sababu hakuna kinachomfurahisha mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia kama kuwaona wenzake nao wamebeba magunia. Kabla ya Jumapili kila gari la mji lilikuwa na sidii kiooni, na Polikarp alikuwa anaitwa Mtaalamu. Mwalimu mkuu mmoja mwenye pikipiki aliifunga mgongoni. Mwanamume mwingine, asiye hata na baiskeli, alikuja kuuliza kama inaweza kumsaidia asionekane na mkewe anapotoka kwa jirani. Polikarp akamuuzia, akamwonya asiivae kukiwa na mbalamwezi.

Chumba chake cha Mazwi kikajaa magunia mpaka akawa analala juu yake, karibu na dari, na pale juu mvua ya ndani ingempata wa kwanza. Hakujali. Alikuwa anajihesabia mabati ya Kasanga.

Huku barabarani, watu waliokuwa wanakwenda kasi kwa woga sasa walikwenda kasi kwa imani. Mzee Valerian alimwita dereva wake wa Fuso, mtu mzima aitwaye Romani, ambaye madereva wenzake walimpa jina la Bibi Harusi kwa jinsi anavyoendesha. Miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata bata, na kwa kosa hilo tajiri wake hakuwahi kumpandishia mshahara.

"Sasa huna sababu tena," Valerian alimwambia mbele za watu. "Gari haionekani. Kanyaga mafuta."

"Mzee, kona inaiona," alijibu Romani.

Watu walicheka sana. Polikarp, aliyekuwa pale dukani akinywa chai ya tajiri, alicheka kuliko wote, akamweleza Romani kwa upole kwamba jambo lisiloonekana ni sawa na jambo ambalo halijatokea. Romani akaenda kufuta vioo vya lori lake.

Wiki ya tatu, Isdori akamgonga maksai pale Mollo. Maksai huyo alikuwa wa Masanja, Msukuma mmoja aliyehamia na ukoo wake na mifugo yao kutoka huko Shinyanga, na ng'ombe huyo aliitwa Bwana Shamba, kwa sababu, alivyosema Masanja, tofauti na yule bwana shamba wa serikali, yeye alikuwa anafika shambani kweli. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa jozi. Bila yeye mwenzake hakuvuta jembe, alisimama tu akinusa nafasi iliyo wazi kando yake. Masanja alitembea kwa miguu mpaka mjini kudai haki yake, na Valerian mwenyewe ndiye aliyewasimulia watu kilabuni ilivyokuwa.

"Ananiambia gari yangu imeua ng'ombe wake. Nikamuuliza, nani ameona? Ananiambia, mimi nimeona. Nikamwambia, mzee wangu, hata kamera ya serikali haiioni gari hiyo, wewe umeionaje?"

Kilabu kizima kilivunjika mbavu. Polikarp alipiga meza mpaka vibuyu vikaruka. Hakuwahi kumwona huyo Masanja, wala hakuona sababu ya kumtafuta. Ni kweli kwamba usiku ule, juu ya magunia yake, alimfikiria yule maksai aliyebaki akinusa hewa. Akageukia upande wa pili, akarudi kwenye kuhesabu mabati.

Kisha zikaja habari kwamba mwezi ujao wataletwa askari wa kweli wenye tochi za kweli za kupimia mwendo. Polikarp hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikwenda kwa Valerian, akamweleza kwamba mradi unampeleka Kasanga kuangalia kamera za majini, akaomba kukodi Fuso. Valerian alimpa kwa bei ya sidii mbili za akiba. Maharage yakapakiwa hadharani, mchana kweupe, huku wenye magari waliokuwa wameyatoa wakisaidia kuinua. Wengine walimshika mkono wakamtakia safari njema. Kasanga kulikuwa na wanunuzi kutoka ng'ambo ya ziwa ambao hawaulizi maharage yamelimwa na nani.

Asubuhi ya safari, alimkuta mtu amekaa katikati ya kiti, mrefu, amevaa blanketi, fimbo kati ya magoti.

"Huyu ni abiria wangu wa njiani," alisema Romani. "Anafuata ng'ombe. Unajua mshahara wetu, Mtaalamu."

Wasukuma wenye ng'ombe walikuwa wengi, bondeni na huku juu uwandani, na Polikarp hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake ulaji mdogo. Akapanda, akafunga mlango. Sidii ilikuwa inabembea kiooni, ikirusha vijimwanga darini.

Mpaka Matai walikwenda kibibi harusi hasa, na Polikarp alisinzia. Baada ya Matai barabara inanyooka. Hapo Romani alikanyaga mafuta. Fuso likanguruma, likaruka, maharage nyuma yakalia kama mvua juu ya bati, na Polikarp akaamka akajigonga kichwa.

"Vipi tena, bwana Romani?"

"Nimeokoka, Mtaalamu," alisema Romani. "Nimekaa nikawaza maneno yako. Miaka yote hii najichosha bure kumbe kuna sidii."

"Vizuri, vizuri. Ila si lazima leo."

"Na sasa tunafika mlimani. Pale huwa naachia frii. Tajiri anatupimia dizeli kwa chupa, na mteremko haunywi dizeli."

Kuachia frii, kwa asiyejua, ni kuitoa gari kwenye gia kabisa ikateremka kwa uzito wake, na madereva wa njia ile walikuwa wakifanya hivyo ili dizeli iliyobaki wakaiuze. Wengine walifika chini mapema sana. Polikarp aliyajua hayo. Asichokijua ni uendeshaji wenyewe. Hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa mji ule, gari linalolia sana ndilo linalokwenda sana.

Aliona ukingo wa uwanda. Aliona, mbali kule chini, ziwa limelala. Kati ya hapo na ziwa hakuona kitu chochote cha kushikilia. Akavuta koti la machungwa juu ya kichwa, akafumba macho kwa nguvu zake zote, na injini ikaanza kupiga mayowe.

"Yesu na Maria!" alisema yule mtu wa katikati, mdomo wake karibu kabisa na sikio la Polikarp. "Kona hiyo! Ebwana, kona!"

Gari likayumba kushoto, likayumba kulia, likatumbukia shimo na kutoka.

"Romani, punguza!" Polikarp alilia ndani ya koti.

"Nipunguze kwa nini? Hatuonekani."

"Nani asituone? Huku hakuna kamera!"

"Basi ndiyo tuko salama zaidi."

"Lo, ile lori ya mwaka jana bado iko kule chini," alisema yule mwingine. "Matairi juu. Na dereva wake sijui walimtoa?"

"Kile kidude ni cha kamera, Romani! Hakizuii korongo!"

"Mtaalamu, mbona unabadilika? Wewe mwenyewe ulisema lisiloonekana halijatokea. Tukianguka hapa, nani ataona? Kwa hiyo hatutakuwa tumeanguka."

Injini ikapanda sauti. Polikarp aliianza Salamu Maria, akaisahau katikati, akarudia mwanzo, akaisahau palepale. Ghafla aliziona nyumba zote alizojenga kichwani zikiezuliwa bati moja moja. Alikuwa anaogopa kufa, anaogopa kama mtoto, wala hakuona aibu.

"Ni uongo!" alipiga kelele. "Sidii ni takataka! Ni za mradi, zina picha za makatapila!"

"Na darubini?"

"Ya kupimia mitaro! Inageuza kila kitu, hata kanisa inaligeuza! Kamata breki, kaka yangu!"

"Anasema ni uongo," Romani alimwambia abiria wake, taratibu. "Sasa mtu wa namna hii utajuaje lini anasema kweli? Mtaalamu, tuanze na kitu chepesi. Haya maharage ni ya nani?"

"Yangu!"

Injini ikalia kwa uchungu.

"Ya Mzee Valerian! Ya wenye magari!"

"Kona nyingine, nkoi, rafiki yangu," alinong'ona mtu wa blanketi. "Hii ndiyo mbaya. Mimi nafumba macho."

"Basi ya nani? Niambieni wenyewe, nitasema! Ya nani?"

"Palikuwa na maksai Mollo," alisema yule mtu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na mzaha tena. "Aliitwa Bwana Shamba. Nilimlea tangu ndama. Niliposema alivyokufa, watu walicheka."

Polikarp alielewa amekaa kando ya nani. "Ni ya Bwana Shamba!" alilia. "Maharage yote ni ya Bwana Shamba! Gunia na gunia! Nasema mbele ya Mungu!"

Injini ikanyamaza. Gari likasimama bila hata kutikisika.

Polikarp alibaki ndani ya koti akisikiliza kama amekufa. Akasikia ndege. Akasikia kengele ya baiskeli. Alipofunua jicho moja, alimwona babu mmoja mwenye tenga la kuku akiwapita polepole kutoka nyuma, miguu yake ikiburuza chini kuongeza breki. Nyuma yao, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba angeweza kuupiga jiwe, ulionekana ule ukingo wa uwanda walikoanzia.

"Bibi Harusi!" babu aliita akipita. "Leo gari linalia, linaumwa nini? Nimekufuata tangu juu nikidhani umekwama."

"Gia ya kwanza, mzee," alijibu Romani. "Mteremko huu ni wa gia ya kwanza: kelele nyingi, mwendo mdogo."

Damu ilimrudi Polikarp usoni yote kwa mara moja. "Mmenidanganya!"

"Nani amekudanganya? Umefumba macho mwenyewe."

"Nimesema yale kwa hofu! Hayahesabiki! Maharage ni yangu, nitakwenda polisi!"

"Twende," alisema Masanja. "Tena turudi Sumbawanga, tukawaulize na wenye magari. Utawaeleza wewe zile sidii zina picha za nini. Mimi nitasikiliza tu."

Polikarp alifungua mdomo. Ulimi uliomlisha miaka yote ulikuwa pale pale, mzima, na haukupata neno. Aliona hata yeye kwamba mpango umekaa vizuri; angekuwa ameutunga mwenyewe angejisifu mwezi mzima. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Akafungua mlango akashuka kutapika kando ya barabara. Na alipoinuka akifuta mdomo kwa mkono wa koti la mradi, mlango ulikuwa umeshafungwa kutoka ndani na Fuso linaondoka.

Wala usidhani ndani ya lori lile alikuwamo mtakatifu. Masanja alichukua maharage ya kununulia jozi nzima ya maksai, si mmoja. Romani alichukua yaliyobaki, na nasikia alijenga nyumba ya bati, na Mzee Valerian alipoliona paa lake alimsifu kwamba hatimaye ameanza kuwahi mnadani. Wenye magari hawakusema kitu mpaka leo, kwa sababu kusema ni kukiri. Sidii ziliendelea kubembea viooni mpaka jua likazifubaza, na askari wa tochi walipokuja waliwakamata wote siku moja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile mteremkoni, Fuso lilikuwa linashuka na mali yote ya Polikarp kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia kanisani, na Polikarp alilifikia bila shida yoyote. Akatembea kando ya mlango. Akabembeleza, akataja watoto ambao hakuwa nao, akashuka mpaka nusu, akashuka mpaka gunia moja la nauli. Romani alitazama mbele, mikono miwili kwenye usukani. Kona moja ikapita, ya pili ikapita, na bado walikuwa sambamba, mtu na mali yake, amenyoosha mkono ameshika turubali. Hapo barabara ikalainika kidogo. Lori likaongeza mwendo kiasi cha mtu anayewahi misa, na Polikarp akaanza kukimbia.

Romani akatoa kichwa dirishani.

"Usikimbie, Mtaalamu," alimwambia. "Hapa watu huwa wanaumia."